Kipimo cha Vinasaba Huanzia Kisaki

Mtajie mtu wa kawaida nchini Tanzania maneno "kipimo cha vinasaba", na jambo la kwanza litakalomjia akilini si ugonjwa. Litamjia shauri la mtoto anayegombewa ubaba, barua ya ofisa ustawi wa jamii, na safari ya kwenda kwa Mkemia Mkuu wa Serikali. Hivyo ndivyo maneno hayo yalivyoingia masikioni mwa umma, kupitia magazeti, redio na mazungumzo ya barazani. Kwa hiyo mama wa Kisaki anapoambiwa kliniki kwamba damu ya mwanawe wa wiki sita itapelekwa mjini "kupimwa vinasaba", huenda akanyamaza, akamfunga mtoto mgongoni, akaondoka, asionekane tena. Mhudumu ataandika kwenye daftari kwamba mama amepotea katika ufuatiliaji. Mama hakuikataa tiba. Alisikia tuhuma.

Mwanafunzi wa sayansi ya maabara au wa udaktari anayesoma mbinu za molekuli chuoni hufundishwa mengi, na kwa kiasi kikubwa hufundishwa vizuri. Anajua kwamba njia ya PCR ilibuniwa na Kary Mullis mwaka 1983 na kumpatia Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1993. Anajua kwamba joto la nyuzi 95 hivi hutenganisha kamba mbili za DNA, kwamba kupoa huviruhusu vianzio vijishikize mahali pake, na kwamba kimeng'enya hujenga nakala mpya kwenye joto la nyuzi 72 hivi. Mzunguko mmoja hufanya moja kuwa mbili. Mizunguko 30, kwa hesabu ya darasani, huzaa nakala zaidi ya bilioni moja. Hata asili ya kimeng'enya chenyewe anaijua: kinatokana na bakteria wa chemchemi za moto za Yellowstone, Marekani, ambaye Thomas Brock na Hudson Freeze walimweleza mwaka 1969. (Upande wa Kisaki nako ziko chemchemi za maji moto, na mwalimu mwenye busara angeanzia hapo, mwanafunzi wa Morogoro angeelewa papo hapo ni kiumbe wa namna gani awezaye kuishi mahali ambapo yai huiva.)

Yote hayo hufundishwa na kutahiniwa kwa Kiingereza. Ni nadra mwanafunzi kuombwa, kabla hajapewa alama zake, amweleze mama wa mtoto wa wiki sita ni vinasaba vya nani vinavyotafutwa. Ni nadra pia kuombwa ataje kile kilichoipata sampuli kabla haijafika mezani pake. Mapungufu haya mawili, la lugha na la njia ya sampuli, huonekana madogo yakitazamwa kutoka maabara yenye kiyoyozi. Yakitazamwa kutoka Kisaki, ndiyo kipimo chenyewe.

Kisaki iko kusini mwa milima ya Uluguru, katika uwanda wa mto Mgeta unaoelekea Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Barabara kutoka Morogoro mjini hupita Matombo na Mvuha, na katika masika huwa barabara kwa jina tu. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975, ina stesheni hapo, na kwa wengi treni ndiyo kiungo cha uhakika zaidi na Dar es Salaam. Sampuli inayotoka upande huu haitembei katika mchoro wa kitabu. Husafiri katika vumbi, joto na unyevu, nyuma ya pikipiki au ndani ya basi lililojaa, mikononi mwa watu ambao hakuna aliyewaeleza wamebeba nini.

Chukua kipimo cha mtoto aliyezaliwa na mama anayeishi na VVU, kwa kuwa ndipo uzito wa jambo hili ulipo. Kingamwili za mama huvuka kwenda kwa mtoto tumboni na zaweza kubaki katika damu yake hadi umri wa miezi 18. Kipimo cha haraka kinachotafuta kingamwili kitasoma alama za mama ndani ya mwili wa mtoto, na hakiwezi kusema kama mtoto mwenyewe ameambukizwa. Ndiyo sababu hutafutwa kirusi chenyewe, kwa vinasaba vyake, mtoto akiwa na wiki nne hadi sita. Hakuna anasa katika uharaka huo. Watoto walioambukizwa wakati wa ujauzito au kuzaliwa wasipopata dawa, takriban nusu yao hufariki kabla ya kutimiza miaka miwili, na vifo vingi hutokea katika miezi ya mwanzo kabisa. Jibu linalofika mtoto akiwa na miezi minane linaweza kuwa sahihi kwa kila kigezo cha maabara na lisiwe na mtu wa kumfaa.

Sasa itazamwe kazi yenyewe. Muuguzi humchoma mtoto kisigino, akaudondoshea damu mduara wa karatasi maalumu hadi ujae na damu ipenye upande wa pili. Hapaswi kuugusa mduara kwa kidole. Karatasi hukaushwa ikiwa imelazwa, mbali na jua na vumbi, kwa saa tatu au nne angalau, na katika hewa nzito ya masika ni heri ilale usiku mzima. Kisha huwekwa kwenye mfuko wa kufungwa pamoja na vipakiti vya kunyonya unyevu. Damu iliyokaushwa namna hiyo haihitaji barafu, na hili ndilo linaloifanya ifae kwa mahali kama Kisaki. Lakini muuguzi huyo yuko peke yake zamu nzima, foleni ya kliniki imefika nje, na pikipiki inayokwenda mjini inaondoka saa nane mchana. Akiifunga kadi ikiwa mbichi, ukungu na unyevu vitaifanya kazi yake njiani. Maabara itaikataa sampuli, au itatoa jibu lisiloaminika, na mama ataitwa aje upya kutoka kijiji kilicho saa kadhaa kwa miguu.

Mwanafunzi aliyeizoea PCR tu atasema kosa ni la muuguzi. Mwanafunzi aliyekaa kwenye kibanda hicho cha kliniki kwa wiki mbili atauliza ni nani aliyepanga pikipiki iondoke saa nane.

Liko pia suala la jina, ambalo vitabu vya molekuli havilitaji kabisa. Mtoto wa wiki sita huenda bado anaitwa kwa jina la mama yake, au ana jina la nyumbani litakalobadilika akipewa la babu. Jibu hurudi na jina lililoandikwa siku ile, na aliyeliandika amehamishiwa kituo kingine. Mashine iliyogharimu fedha nyingi imefanya kazi yake bila kosa, na karatasi ya majibu imekaa kwenye droo ikimtafuta mtu asiyekuwapo. Namba ya utambulisho ikiandikwa vizuri kwenye kadi ya mama, kwenye daftari na kwenye sampuli, huokoa maisha kwa kiwango ambacho kimeng'enya bora zaidi hakiwezi kukifidia.

Kifua kikuu nacho kina funzo lake, la namna nyingine. Desemba 2010 Shirika la Afya Duniani liliidhinisha kipimo kinachotumia mashine ya GeneXpert, na tangu hapo kimeenea katika nchi zetu. Hadubini huhitaji vimelea kati ya 5,000 na 10,000 katika mililita moja ya makohozi ili mtazamaji aweze kuviona. Kipimo hiki, hata katika toleo lake la kwanza, kiliweza kuvitambua vikiwa 130 hivi. Kwa chini ya saa mbili hutoa majibu mawili kwa pamoja: kwamba vimelea vipo, na kwamba jeni yao iitwayo rpoB ina mabadiliko yanayoashiria usugu kwa rifampisini. Kuotesha vimelea, njia ya zamani ya kuujua usugu, huchukua wiki nyingi. Mgonjwa wa kifua kikuu sugu aliyekuwa akipewa dawa zisizomfaa huku akiwaambukiza wanawe sasa anaweza kutambuliwa siku ileile.

Hata hivyo mashine hii haijui kama kimelea ki hai au kimekufa. Inasoma vinasaba, na vinasaba hubaki baada ya mwenyewe kufa. Mgonjwa aliyemaliza dawa zake zote, akapona, akapimwa tena kwa njia hii kwa sababu ya kikohozi cha mafua, anaweza kupata jibu linaloonyesha kifua kikuu. Ndiyo maana maendeleo ya tiba hufuatiliwa kwa hadubini na kwa kuotesha, na si kwa kipimo hiki. Mteknolojia wa maabara analijua hilo. Je, mgonjwa aliyelipa nauli ya kutoka Kisaki analijua? Asipoelezwa, atadhani kwamba dawa za miezi sita zilikuwa za bure, au kwamba mhudumu amemficha jambo. Mhudumu naye, kama hakufundishwa, atamrudisha kwenye dawa asizozihitaji.

Tena makohozi si mate. Neno hili dogo limeharibu sampuli nyingi kuliko hitilafu ya umeme. Anayepewa kikopo na kuambiwa "tema humu" atatema, na atakachotema ni mate. Lazima aelezwe avute pumzi ndefu, akohoe kutoka ndani ya kifua, mahali pa wazi penye hewa, ikiwezekana asubuhi kabla ya kula. Dakika tatu za Kiswahili kizuri hapo hutangulia saa mbili za mashine, na zikikosekana saa hizo mbili hupotea.

Mkoa wa Morogoro, kwa bahati, una mfano wake wa pekee kuhusu suala la kifua kikuu. Shirika la APOPO, lililoweka makao yake katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo mwaka 2000, limekuwa likiwafunza panya buku kunusa makohozi na kuonyesha sampuli zinazoshukiwa kuwa na vimelea. Sampuli inayoshukiwa na panya hurudiwa kupimwa kwa njia zinazotambuliwa kabla mgonjwa hajaambiwa lolote. Wako wanaocheka wakisikia habari hii, na wako wanafunzi wa molekuli wanaoidharau. Wangefaa kuitafakari. Panya huyo hajawahi kupewa hadhi ya kutoa uamuzi; kila mtu anajua mipaka yake, kwa hiyo hakuna anayedanganyika. Mashine ya vinasaba, kwa kuwa ina kioo na hutoa karatasi iliyochapwa, huaminiwa kupita mipaka yake.

Liko eneo moja ambalo mbinu hizi zingeweza kubadilisha kabisa maisha ya watu wa uwanda wa Mgeta, nalo ni homa. Mwaka 1916 majeshi ya Waingereza na ya Wajerumani yalipambana Kisaki, na katika vita vile vya Afrika Mashariki maradhi yaliwaangusha askari na wapagazi wengi kuliko risasi. Wakati ule homa ilikuwa homa. Zaidi ya karne moja baadaye, katika zahanati nyingi, homa bado ni malaria hadi ithibitike vinginevyo, na kuthibitika vinginevyo ni vigumu kwa kuwa hakuna kifaa.

Utafiti uliofanyika katika hospitali mbili za Moshi na kuchapishwa mwaka 2013 uliwafuatilia wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa. Madaktari waliwaandikia malaria wagonjwa 528, yaani zaidi ya asilimia 60. Vipimo vya kina vilipokamilika, malaria ilikuwa chanzo cha homa kwa wagonjwa 14 tu. Baadhi ya wengine walikuwa na maambukizi ya bakteria katika damu, au magonjwa ya kutoka kwa wanyama kama homa ya mgunda. Mwaka uliofuata, mwaka 2014, yalichapishwa matokeo ya watoto 1,005 wenye homa waliopimwa Dar es Salaam na Ifakara, mji ulio ndani ya mkoa huuhuu wa Morogoro. Malaria ilikutwa kwa asilimia 10 na ushei; maambukizi ya njia ya hewa yalikuwa asilimia 62, na sehemu kubwa ya homa zote ilitokana na virusi, ambavyo havitibiwi kwa dawa ya malaria wala kwa antibiotiki. Bila mbinu za molekuli sehemu kubwa ya virusi hivyo isingejulikana.

Takwimu hizi hazisemi kwamba Kisaki haina malaria. Moshi ni nchi ya baridi na Kisaki ni bonde la joto; mtu asije akaidharau homa ya mtoto wa uwandani kwa kusoma namba za mlimani. Zinachosema ni kwamba jicho la mganga, hata liwe la uzoefu wa miaka thelathini, haliwezi kuitofautisha homa moja na nyingine. Julai 2022 watu wa Ruangwa, mkoani Lindi, walipata homa, uchovu na kutokwa damu puani. Hofu ilienea haraka. Vipimo vilionyesha kuwa si Ebola wala Marburg. Ilikuwa homa ya mgunda, ugonjwa wa bakteria unaotibika kwa antibiotiki za kawaida. Wagonjwa 20 walitajwa, na watatu walifariki. Miezi minane baadaye, Machi 2023, maabara ya taifa ilithibitisha kwamba ugonjwa uliozuka mkoani Kagera ulikuwa Marburg kweli. Mwanzoni dalili za magonjwa haya mawili zinaweza kufanana, ilhali moja huhitaji antibiotiki na jingine huhitaji karantini. Kinachoyatenganisha ni sampuli iliyochukuliwa mapema, ikahifadhiwa vizuri, ikafika. Vimelea vya homa ya mgunda hupatikana zaidi katika damu siku za mwanzo za homa. Sampuli iliyochelewa huhitaji kipimo cha aina nyingine. Mkulima wa mpunga anayesubiri wiki mbili kwa matumaini kwamba dawa ya duka itamponya ameshaifunga nafasi hiyo bila kujua.

Hapa pana haki ya kulalamika kwa niaba ya wahudumu wa pembezoni. Sampuli zao huombwa na watafiti, huondoka, na majibu hurudi yakiwa makala katika jarida la nje, baada ya miaka. Mhudumu aliyezichukua hasikii neno. Utafiti wa namna hiyo una thamani kwa taifa. Kwa mfano, ni uchunguzi wa vinasaba vya vimelea vya malaria uliowawezesha wataalamu wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu na wenzao kuyabaini, mkoani Kagera, mabadiliko yanayohusishwa na usugu kiasi kwa dawa za jamii ya artemisinini, yaleyale yaliyokuwa yameonekana Rwanda. Ila mtu hawezi kuombwa kuwa makini daima kwa ajili ya kitu asichokiona kikirudi.

Limebaki suala la urithi, ambalo ndilo hasa linalogusa vinasaba vya mgonjwa mwenyewe na si vya kijidudu. Selimundu ndiyo mfano ulio karibu zaidi. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi zaidi wanaozaliwa na ugonjwa huu, na kazi iliyoanza Muhimbili mwaka 2004 ya kuwafuatilia wagonjwa wake imekuwa mfano kwa Afrika. Chanzo ni badiliko la herufi moja tu katika jeni ya himoglobini. Mtoto huugua akirithi badiliko hilo kwa baba na kwa mama. Wazazi wote wawili wakiwa wabebaji wasiougua, kila ujauzito una nafasi moja kati ya nne ya kumpata mtoto mgonjwa. Waluguru na Wakutu huhesabu ukoo kwa upande wa mama, na katika jamii ya namna hiyo ni rahisi mno maradhi ya mtoto yakaelekezwa ukoo wa mama, kama ambavyo kwingine huelekezwa tumbo la mama. Mtaalamu anayetamka neno "kurithi" bila kueleza huongeza kuni motoni. Akisema wazi kwamba nusu imetoka huku na nusu kule, na kwamba hakuna aliyeichagua, ameshatibu jambo ambalo vidonge havitibu. Na tukisema kweli, kuugundua ugonjwa huu mara nyingi hakuhitaji kusoma jeni hata kidogo: vipimo rahisi vinavyotenganisha aina za himoglobini hutosha. Kujua wakati ambapo mbinu ya molekuli si ya lazima nako ni sehemu ya kuisoma.

Vyuo vikuu vya afya vina uwezo wa kuanza kurekebisha mambo haya bila kusubiri mashine mpya. Wiki mbili za mafunzo kwa vitendo, ambazo sasa aghalabu hufanyika katika maabara kubwa za mijini, zifanyike mahali sampuli inapozaliwa. Mwanafunzi apande gari Morogoro, afike Kisaki, akae na muuguzi, ashike daftari, akaushe kadi, aisindikize hadi maabara, kisha asubiri jibu na kulirudisha yeye mwenyewe kwa aliyempa damu. Ahesabu siku. Siku hizo ziandikwe katika ripoti yake kwa uzito uleule wa mizunguko ya PCR.

Na mtihani wa mwisho wa somo uwe na sehemu ya mdomo, kwa Kiswahili. Mtahini akae upande wa pili wa meza akiwa mama mwenye mtoto wa wiki sita. Amuulize mwanafunzi: "Mwanangu, hiyo damu mnampeleka nayo kwa Mkemia Mkuu? Baba yake kasema nini kwenu?" Mwanafunzi apewe dakika tano.